Jibu Lilikuwa Kwenye METAR ya Saa Moja na Nusu

Mliokuwa kwenye uzio wa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, asubuhi ile ya Julai mliiona Cessna 172 ikipaa muda mfupi kabla ya saa mbili, ikaelekea vilima vya Ngong. Rubani mwanafunzi, peke yake, Magadi na kurudi. Haikupaswa kupaa.

Mafuta aliyapiga hesabu vizuri, redio aliizungumza kwa utulivu. Basi. Tatizo ni zile dakika kumi kabla hajawasha injini.

METAR, yaani ripoti ya hewa ya uwanja, ya saa moja ilisoma SCT020 (wingu la vipande, futi 2,000 juu ya uwanja), joto 13, umande 11. Ya saa moja na nusu: BKN015 (wingu karibu dari nzima, futi 1,500), 13 kwa 12. Mwanafunzi aliiona hii ya pili, mkufunzi aliiona, wakakubaliana kwamba futi 1,500 zinatosha. Zinatosha kwa nini? Kwa kuzunguka uwanja, pengine. Wilson iko takribani futi 5,500 juu ya bahari. Jumlisha 1,500, tumbo la wingu liko 7,000. Kilele cha Ngong kinapita 8,000. Kwa hesabu ya darasa la pili, mlima aliokuwa akiuendea ulikuwa umezama ndani ya wingu kabla hajafunga mkanda.

Na hilo si baya kuliko yote. Tazama mwendo wa zile ripoti mbili. Ndani ya nusu saa wingu limeshuka futi 500, limetoka vipande na kuwa karibu dari nzima, na joto limeusogelea umande kwa nyuzi 1. Hewa hiyo inajifunga. Kila aliyekaa Nairobi msimu wa baridi anajua stratasi hujitandaza jua likichomoza, kisha huchanika kuelekea saa tano. Magadi haikuwa inakimbia. Mkufunzi alipaswa kuiweka kalamu chini, asitie saini, aagize chai.

Nimeyaandika haya hapa mara nyingi na nitayarudia: tunalea marubani wanaosoma rangi kwenye simu. Kidoti kikiwa kijani, twende. Kidoti kinakuambia hewa ilivyokuwa pale kipimo kilipo, wakati kilipopimwa. Hakijui kuwa unarudi saa tatu, kutoka bondeni, ukiupanda ukingo wa Bonde la Ufa ambao wingu limeukalia.

Wazee walisoma mwendo wa hewa. Rubani Charles Lindbergh alifika New York tarehe 12 Mei 1927, akijiandaa kuvuka Atlantiki hadi Paris. Zawadi ilikuwa dola 25,000, wapinzani wako tayari jirani yake, magazeti yanamsukuma. Alingoja wiki nzima. Tarehe 20 alipaa asubuhi yenye unyevu, njia ya kurukia ikiwa tope, mbingu mbaya kuliko ya kijana wetu. Lakini ripoti zilisema njia inafunguka. Yeye alipaa kwenye hewa mbovu inayopona; kijana wetu alipaa kwenye hewa nzuri inayougua. Hapo ndipo ufundi ulipo, na wazee waliujua bila simu.

Kijana wetu alipenya pengo la kusini mwa vilima, bonde likamkaribisha kwa jua. Aliporudi, pengo limezibwa. Akageuza, akatua tena Magadi. Uamuzi sahihi.

Wapo watakaosema: si alirudi salama? Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu wanafunzi 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vyombo, wakanyimwa upeo wa macho kama walio ndani ya wingu. Wote 20 walipoteza udhibiti. Wastani wa muda hadi kupoteza udhibiti: sekunde 178. Kijana huyu alikuwa na sekunde chache za kuamua pale mbele ya ukingo, na aliwekwa hapo na watu wazima waliokuwa na dakika kumi, viti na ripoti mbili mezani.

Saa tano na robo Ngong ilionekana yote, kutoka kilele hadi Kiserian. Alipaa Magadi akatua Wilson bila shida yoyote.