Siku shemeji aliposhindwa kutetema

Suluhu ya Yanga na Simba ya Aprili 30, 2022 haikuwa na bao hata la dawa, na bado nikiulizwa mechi ya ligi niliyoifaidi kuliko zote Uwanja wa Mkapa, naitaja hiyo. Wenzangu wa Simba hunishangaa. Ubingwa tulioushika miaka minne mfululizo ulikuwa unatutoka, watani wakaja kumaliza msimu bila kufungwa hata mechi moja. Raha iko wapi hapo? Raha yangu ilikuwa beki wetu, Henock Inonga.

Nilikaa mzunguko na shemeji yangu, Yanga lialia. Enzi hizo mtaa mzima unatetema. Mshambuliaji wao Fiston Mayele akifunga, anatetemesha mikono na mabega, na watoto wote wanamwiga. Shemeji alikuja na mabega yake tayari.

Mayele na Inonga wote walitua mwaka 2021 wakitokea Kinshasa, mmoja AS Vita, mwingine Motema Pembe. Nazo ni timu za watani. Yaani walihamisha ugomvi tu.

Sasa tazama kazi yenyewe. Mabeki wengi wakikutana na mshambuliaji mwenye sifa humvaa kwa nyuma anapopokea mpira akiwa amelipa lango mgongo. Naye anataka hivyo hivyo: anamwegemea beki, anamzunguka begani, kwisha habari. Inonga alikuwa anabaki nusu hatua nyuma, kiganja kimegusa kiuno cha mwenzake. Kimegusa tu, hakisukumi, hakishiki jezi, mwamuzi asipate la kupulizia filimbi. Macho yake yako kwenye mpira. Kile kiganja ndicho kinachompa habari mwili wa mwenzake unaelekea wapi. Mayele akigeuka, anakuta mguu umeshatangulia njiani. Na hakuwa mtu wa kulala chini ovyo. Beki anayeteleza kila dakika tunampigia makofi, ila mimi huwa najiuliza alikuwa wapi sekunde mbili kabla.

Kipindi cha pili niliacha kabisa kufuata mpira. Nikawa namwangalia yeye tu, hata mchezo ukiwa upande wa pili wa uwanja. Anageuza shingo, anamtafuta namba tisa, anasogea hatua mbili, anamwonyesha mwenzake kwa kidole, anageuza shingo tena. Kwenye luninga huoni hata robo ya hayo, kwa sababu kamera nayo ni shabiki, inakimbilia mpira.

Kila krosi ilipopigwa, shemeji aliinuka nayo, mikono mbele, vidole vimeshaanza kutikisika. Halafu anaishusha taratibu na kujikuna shingo, kana kwamba alikuwa anajinyoosha. Nadhani nilihesabu mara sita.

Sisemi Mayele alikuwa garasa. Msimu ule alimaliza na mabao 16, nyuma ya George Mpole wa Geita Gold kwa bao moja tu. Kwenye Ngao ya Jamii alitutandika Septemba 2021 na akarudia Agosti 2022. Lakini kwenye ligi, misimu miwili, mechi nne, hakupata bao kwetu. Angekuwa mshambuliaji wa hivi hivi nisingeyakumbuka ya kiganja.

Filimbi ya mwisho ilipolia, shemeji hakusema kitu mpaka tulipokuwa kwenye daladala. "Huyo beki wenu," akaanza, halafu akaangalia dirishani.

Mwaka uliofuata, Aprili 16, 2023, tuliwafunga 2-0, na aliyefungua ni Inonga huyo huyo, dakika za mwanzo kabisa. Mimi nilikuwa bado getini, nakaguliwa mfuko wa karanga. Nikasikia uwanja unalipuka. Simu ikaita, ni shemeji, ananitukana.