Kata Inajua Siri ya Mtungi Wote?

Wasomi wenzangu, siku hizi tunaambiwa: piga picha ya jani kwa simu, mashini itataja ugonjwa. Ukiuliza imejuaje, unajibiwa kwamba kuko modeli ingine, ndogo na rahisi, ya kueleza ile kubwa. Jibu hilo njo nataka tupime leo.

Njia yenye kujulikana sana inaitwa LIME. Ilitolewa mwaka 2016 na Marco Tulio Ribeiro, Sameer Singh na Carlos Guestrin, wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Inachukua picha moja, inafunika vipande vyake, mara huku mara kule, na kila mara inauliza mashini kubwa: sasa unasema nini? Kisha inatengeneza hesabu nyepesi: kipande hiki kinaongeza, kile kinapunguza. Ndani ya mashini yenyewe haiingii. Wazee walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. LIME njo kata.

Na kata hiyo ilifanya kazi nzuri. Kwa makusudi, watafiti hao walifundisha mashini mbovu kutenganisha mbwa wa aina ya husky na mbwa mwitu, kwa picha 20 tu. Mbwa mwitu wote walikuwa kwenye theluji. Wanafunzi 27 waliosoma mambo haya waliulizwa maoni yao. Mbele ya kuona maelezo, 10 waliiamini mashini. Nyuma yake, 3 tu. Waliona kwamba mashini inatazama theluji, mnyama haimtazami.

Lakini pale kosa lilipandwa, na theluji kila mtu anaiona. Ku shamba ni namna ingine. Mwaka 2016 huo huo, Mohanty, Hughes na Salathé walifundisha mashini kwa picha 54.306 za PlantVillage: mimea 14, kati yake tomati na mahindi, na magonjwa 26. Ilijibu sawa mara 99,35 kwa 100. Walipoipa picha zilizotoka pengine, ikaanguka mpaka karibu 31. Majani ya kufundishia yalichumwa na kuwekwa juu ya karatasi tupu. Mwaka 2022 Noyan alichukua pikseli 8 tu za sehemu ya nyuma ya picha, akaacha jani lenyewe. Modeli yake ikajibu sawa mara 49 kwa 100, wakati kubahatisha kunatoa 2,6. Theluji yetu njo ile karatasi.

Tazameni tofauti. Modeli ndogo ya Noyan ilitumwa kutafuta kosa katika picha zote. LIME inaeleza jibu moja la picha moja, na ukiirudilia inaweza kukupa maelezo mengine, juu inafunika vipande kwa kubahatisha. Ikipaka rangi madoa ya jani, moyo unatulia, lakini hakuna kilichohakikishwa.

Cynthia Rudin, mwaka 2019, alisema tuache kueleza mashini zilizofungwa pale maisha ya watu yanahusika; tutumie modeli zinazosomeka zenyewe. Maelezo yakiwa sawasawa na mashini, mashini ya nini tena? Yakiachana nayo, yanadanganya. Kwa mikopo au mahakama nakubali. Kwa picha za majani, modeli inayosomeka bado ni ngumu kupata. Basi kata ibaki, lakini kwa kutafuta kosa, isigeuzwe kuwa diploma ya mashini.

Mama mwenye shamba la tomati akiambiwa ni kuvu, kumbe ni virusi, atanunua dawa isiyoponyesha kitu. Pesa imeenda, ugonjwa umebaki.

Kwa hiyo sisi ba-agronome, tukiletewa programu kama hiyo, tusitosheke na picha iliyopakwa rangi. Tuulize: picha za kufundishia zilipigwa wapi? Ilipimwa ku mashamba ya kwetu? Ikikosea, nani atamlipa yule mama?