Giza la Mandhari na Giza la Kanuni: Uhakiki wa Kampeni ya Dizelipanki Mtandaoni kwa Mtazamo wa Pwani ya Kilwa na Lindi

1.0 Utangulizi

Sehemu hii inahakiki sanaa ya masimulizi ambayo bado haijapewa nafasi ya kutosha katika tahakiki za Kiswahili, yaani mchezo wa uigizi wa mezani, hususani unapoendeshwa mtandaoni. Katika mchezo huu kikundi cha watu wachache hutunga kisa papo kwa papo. Mmoja wao, msimamizi, hueleza mazingira na kuwasemea wahusika wadogo. Wengine, yaani wachezaji, kila mmoja humsemea na kumwamulia mhusika wake. Pale ambapo matokeo yana shaka, kanuni na dadu huamua. Mfululizo wa vikao vinavyoendeleza kisa kimoja huitwa kampeni. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974.

Dizelipanki ni tawi la bunilizi ya kisayansi linalochukua mitambo, sare na propaganda za enzi ya vita viwili vya dunia na kuzikuza kupita kiasi. Jina lenyewe lilizaliwa katika michezo hii: Lewis Pollak alilibuni mwaka 2001 ili kuueleza mchezo wake Children of the Sun. Dizelipanki ikiwa ya giza, ulimwengu wake hujaa moshi, dola huwa haina uso, na mtu mdogo husagwa na gurudumu asilolijua.

Hoja ya msingi ya uhakiki huu ni kwamba kampeni nyingi za aina hii huliweka giza katika mandhari, ilhali historia ya pwani ya Kilwa na Lindi inadai giza hilo liwekwe katika kanuni. Mandhari humwonyesha mchezaji kwamba dunia ni katili. Kanuni humlazimisha kuamua nani ataubeba ukatili huo. Hoja hii inajengwa kwa mifano miwili kutoka katika pwani hiyo: mzigo wa mpagazi katika Vita Kuu ya Kwanza, na maji ya Kinjikitile katika vita vya mwaka 1905 hadi 1907. Kabla ya mifano hiyo, ni muhimu kueleza namna mtandao unavyoibadili sanaa yenyewe.

2.0 Fanani, Hadhira na Mahali Pasipoonekana

Mulokozi (1996) anaitazama fasihi simulizi kama tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, fani inayotendwa, hadhira, tukio lenyewe, mahali na wakati. Mchezo wa uigizi unaingia katika mtazamo huu bila kulazimishwa. Msimamizi ni fanani, lakini wachezaji si hadhira tu, kwa sababu kila mmoja ana sehemu ya kisa ambayo fanani haruhusiwi kuisema. Mwito wa paukwa humtaka msikilizaji aitikie pakawa, kisha anyamaze na kusikiliza. Katika mchezo huu mwitikio hauishi, na wenyewe ndio hadithi.

Kikao kinapohamia mtandaoni, jambo linaloathirika zaidi ni mahali. Programu za meza pepe, kama Roll20 iliyoanza mwaka 2012, huwapa washiriki ramani moja, dadu za kielektroniki na sauti. Hata hivyo, haziwapi miili. Msimamizi aliyeko Kilwa Masoko hamwoni mchezaji wa Muscat au wa London akishika tama au akigeuza uso. Ukimya kwenye laini unaweza kuwa hofu, uchovu, au mtandao uliokatika. Mbinu ambazo fanani wa barazani huzitegemea, kama vile kushusha sauti au kumkazia macho msikilizaji mmoja, hupoteza nguvu.

Matokeo yake ni kwamba msimamizi wa mtandaoni hushawishika kufidia mwili uliokosekana kwa kuongeza mandhari: picha za majiji ya chuma, milio ya ving'ora, muziki mzito. Giza linakuwa pambo. Mchezaji analitazama kama anavyotazama filamu, na analiacha pale pale anapofunga kompyuta yake. Kwa upande mwingine, mtandao una nyenzo ambayo baraza halina: maandishi yanayobaki mbele ya kila mshiriki muda wote wa kikao. Orodha iliyoandikwa kwenye skrini haikunjwi wala haisahauliki chini ya sahani. Nyenzo hiyo ndiyo inayowezesha kanuni zinazojadiliwa hapa chini.

3.0 Mashine Iliyobebwa Kichwani

Mtunzi anayetafuta dizelipanki halisi hana haja ya kwenda mbali na Lindi. Mnamo Julai 1915, katika delta ya Rufiji, kaskazini mwa Kilwa, manowari ya Kijerumani Königsberg ilishambuliwa na meli mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, huku ndege zikielekeza mizinga kutoka angani. Wajerumani waliizamisha wenyewe, kisha wakaiopoa mizinga yake 10 na kuitumia nchi kavu. Mnamo Machi 1916 meli ya Marie ilipenya mzingiro wa Waingereza na kutia nanga katika ghuba ya Sudi, kusini mwa Lindi, ikiwa imesheheni silaha na risasi. Mnamo Novemba 1917 chombo cha angani L 59, aina ya Zeppelin, kiliondoka Jamboli nchini Bulgaria kikiwa na takriban tani 15 za dawa, risasi na vifaa, kwenda kuliokoa jeshi la Lettow-Vorbeck. Kilikuwa kimekusudiwa kutorudi: kitambaa chake kingeshonwa mahema, na mifupa yake ingekuwa milingoti ya redio. Kikiwa juu ya Sudani kiliamriwa kugeuka. Kilitua tena Jamboli tarehe 25 Novemba, siku ileile ambayo Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji.

Mifano hii inavutia kwa sababu ina kila kitu ambacho utanzu unakipenda: chuma, anga, meli, ukubwa unaotisha. Lakini msomaji makini ataona kwamba kila mfano una sehemu ya pili ambayo utanzu huiacha. Shehena ya Marie ilipofika ufukweni haikupanda treni wala lori. Mbung'o waliua wanyama wa kukokota, na njia za magari zilikuwa chache. Kwa hiyo shehena ilipanda vichwani mwa watu. Mizinga ya Königsberg nayo ilikokotwa na mamia ya watu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama kilo 27. Kwa kipimo hicho, tani 15 za L 59, kama zingefika, zingehitaji mizigo ipatayo 550 ili kuondoka mahali zilipotua. Chombo kikubwa kuliko vyote angani kingeishia kwenye shingo za watu 550.

Gharama ya ukweli huu inajulikana. Katika mapigano ya Mahiwa na Nyangao, bara ya Lindi, Oktoba 1917, upande wa Waingereza ulipoteza zaidi ya watu 2,000 kwa kuuawa na kujeruhiwa ndani ya siku chache. Hata hivyo, vifo vya wapagazi vinavizidi kwa mbali vifo vya vitani: makadirio ya upande wa Waingereza pekee, kwa vita vyote vya Afrika Mashariki, hufikia 95,000 na zaidi, wengi wao wakifa kwa maradhi na njaa. Watu hawa hawana picha katika taswira ya dizelipanki. Kampeni inayoonyesha mzinga ukifika vitani bila kuonyesha ulifikaje inarudia, kwa nia njema kabisa, uongo wa taarifa za kijeshi.

Hapa ndipo kanuni inapohitajika. Tuchukulie mfano wa kikao kinachoanza Sudi, Machi 1916. Msimamizi anaandika kwenye skrini ya wote orodha ya mizigo, na mbele ya kila mzigo jina la anayeubeba. Kanuni ni tatu. Kwanza, hakuna kitu kinachosogea bila jina. Pili, chakula cha mpagazi nacho ni mzigo, na kina mbebaji wake. Tatu, jina likifutwa kwa kifo, mchezaji aliyeamuru safari ndiye atakayelifuta kwa mkono wake na kutaja nani ataurithi mzigo. Baada ya vikao viwili mchezaji atagundua mwenyewe hesabu iliyowaua watu wengi: kadiri safari inavyorefuka, ndivyo wabeba chakula wanavyoongezeka kuliko wabeba risasi, na wao pia wanakula. Msimamizi hatakuwa na haja ya kusema kwamba vita ni vibaya.

4.0 Neno Lililomzidi Msemaji

Mfano wa pili ni mgumu zaidi kwa sababu unagusa imani. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile wa Ngarambe, aliyegawa maji ya kinga, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Idadi ya waliokufa kwa risasi na kwa njaa iliyofuata hukadiriwa kuanzia 75,000 hadi 300,000.

Vita hivi vimepita katika tanzu tofauti za Kiswahili. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia utenzi. Ebrahim Hussein, mwana wa pwani hiyohiyo ya kusini, aliviandikia tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Katika utenzi, sauti ni moja na hukumu ni ya mtunzi. Katika tamthilia, sauti zimegawanyika, ingawa maneno yamekwisha kuandikwa. Katika mchezo wa uigizi sauti zimegawanyika na maneno bado hayajaandikwa. Uhusiano huu wa tanzu ndio unaoifanya tamthilia ya Hussein iwe mwongozo mzuri kwa msimamizi.

Mgogoro mkuu wa Kinjeketile wa Hussein ni wa mtu aliyetoa neno, kisha neno likakua hadi likamzidi yeye mwenyewe. Anajua kwamba maji hayazuii risasi. Mwishoni, mbele ya kifo, anakataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa kauli hiyo ingewanyima watu wa kesho sababu ya kupigana. Msimamizi wa mchezo yuko katika hali inayofanana na hiyo. Neno alilolitamka katika kikao cha kwanza hudakwa na wachezaji, hupewa maana asizozikusudia, na katika kikao cha tano humrudia likiwa na nguvu kuliko yake.

Swali la kiufundi linakuwa: je, maji yafanye kazi gani katika kanuni? Majibu mawili hujitokeza haraka, na yote mawili yana kasoro. Msimamizi akiyapa maji uwezo wa kuzuia risasi, anaigeuza historia kuwa ndoto ya kujifariji na kuvifuta vifo vya watu halisi. Akiyanyima uwezo wowote, wachezaji watawaona mababu kama wajinga waliodanganyika, nao watacheka, jambo linalorudia dharau ya mkoloni. Hussein anatupa jibu la tatu. Maji yanafanya kazi, lakini si juu ya risasi. Yanafanya kazi juu ya woga na utengano. Kabla ya maji, Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na Wangoni hawakuwa na kiapo kimoja. Kwa hiyo kanuni inayofaa ni ile inayoyapa maji nguvu ya kuunganisha: kila kijiji kinachoyapokea kinaingia upande wa wachezaji, na dadu za kuwakusanya watu zinaongezeka, lakini dadu za bunduki ya rashasha hazibadiliki hata kidogo. Mchezaji atajikuta anautafuta umoja kwa kauli ambayo yeye, kama mchezaji, anajua itawaua wanaoiamini. Giza la namna hiyo haliwezi kuchorwa na mandhari yoyote.

5.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba mchezo ni burudani, na hesabu za mizigo zitauchosha. Pingamizi hili lina uzito iwapo orodha ni ndefu. Majina 20 yanatosha, na yasiyotosha ni yale ambayo hakuna aliyeyasema kwa sauti. Pingamizi la pili ni kwamba kuwacheza waliokufa ni kuwakosea heshima. Hoja hiyo ingepaswa kuihusu tamthilia pia, kwani mwigizaji wa Kinjeketile huvaa uso wa marehemu. Tofauti ni kwamba jukwaa lina pazia na mtazamaji aliyejiandaa, ilhali mchezaji wa mtandaoni anaweza kuumia bila kuonekana. Kwa hiyo makubaliano ya mapema ni ya lazima, pamoja na njia ya kusitisha tukio bila kujieleza, kama kadi ya X iliyobuniwa na John Stavropoulos. Pingamizi la tatu linasema kwamba utanzu huu ni wa kigeni. Vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta kwa ajili ya Mradi wa Karanga, uliofika hadi Nachingwea na kuachwa mwaka 1951 baada ya kula takriban pauni milioni 36, havikuwa bunilizi. Jina ni geni, lakini uzoefu ni wa hapa.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba thamani ya kampeni ya dizelipanki ya giza haipimwi kwa wingi wa moshi wake. Hupimwa kwa kile ambacho kanuni zake zinahesabu na kile zinachokiacha. Kwa pwani ya Kilwa na Lindi, kanuni isiyomhesabu mpagazi na isiyotofautisha nguvu ya maji juu ya watu na udhaifu wake mbele ya risasi haijaifikia historia inayodai kuisimulia. Inapendekezwa kwamba wahakiki wa fasihi simulizi wauchunguze mchezo wa uigizi kwa kuanzia kwenye kanuni, kwa kuwa ndizo zinazobaki zilezile wakati maneno ya kila kikao yanapopita. Inapendekezwa pia kwamba wasimamizi wanaotumia Kiswahili waandike na kuhifadhi orodha za vikao vyao, pamoja na majina yaliyofutwa, ili utafiti wa baadaye upate matini ya kuchambua.