Jicho la Chekeche

Chekeche likizamishwa majini halitikiswi ovyo. Mzee niliyemtazama asubuhi nzima huko Kalalani, wilayani Korogwe, alilizungusha nusu duara, akalirudisha, akaliinua kidogo likatua, akarudia tena. Hakuharakisha hata mara moja. Alipolipindua juu ya mchanga, kokoto zilibaki zimekaa kama mkate wa kumimina uliotoka chunguni, na katikati yake palikuwa na doa jeusijeusi, upana wa sarafu. Kidole chake kilikwenda hapo moja kwa moja.

Siri ni uzito. Kwatsi, jiwe jeupe lililozagaa kila mahali, huzidi uzito wa maji mara 2.65, yakuti, jiwe alilolitafuta mzee, hufika mara 4. Maji yanaponyanyua kokoto, zilizo nzito hutangulia kushuka, na mzunguko wa mkono huzivuta kati. Lakini garneti nayo ni nzito, hivyo huja bega kwa bega na yakuti, na hapo maji hayana msaada tena. Mzee aliokota punje, akaifuta, akaielekeza juani, akaigeuza polepole. Garneti haibadiliki, uitazame upande wowote. Yakuti ya buluu ukiigeuza huingia ukijani. Alizichambua zote kwa namna hiyo, moja moja, na mimi niliyekuwa na macho mazuri kuliko yake nilikosea mara tatu.

Jiwe lenyewe lilizaliwa kwa kupungukiwa. Bonde hili la Mto Umba, unaoteremka kutoka Usambara hadi baharini karibu na Vanga, lina serpentinaiti, mwamba wenye magnesi nyingi na silika haba. Nyufa zake zilipenywa na pegmatiti, yaani uji wa mwisho wa mwamba ulioyeyuka. Kwingineko uji huo hulimbikiza kile ambacho madini ya awali hayakukihitaji: Buranga, nchini Rwanda, fosforasi iliyosalia hadi mwisho iligeuka fosfeti, maji ya moto yakazibadili tena na tena, na mojawapo ilielezwa mwaka 1977 kwa jina la burangaiti. Umba ilikuwa kinyume. Serpentinaiti iliifyonza silika kutoka kwenye pegmatiti, na mpakani ukaota ulanga. Alumini iliyokosa silika ya kutosha kuunda feldispa ikashikana na oksijeni peke yake, ikawa yakuti. Chuma na titani huipa buluu, kromi huipa wekundu, na vanadi huzifanya baadhi ya yakuti za Umba zigeuke zambarau chini ya taa.

Nilimuuliza mzee anajuaje pa kuchimba. Alichota udongo, akausugua kiganjani hadi yakabaki magamba membamba yanayometa. Ulanga. Ni alama ya ule ule mpaka ambapo silika ilitoka.

"Ukiona hivi, mwanangu," alisema, "weka sururu."