Sifa za Kuufunga Mtungi wa Oili

Hakuna injini, ijapokuwa mpya na nzima, iwezayo kuuzuia mlipuko wote juu ya pistoni. Akali ya hewa iliyoungua hupenya kandokando ya ringi, ikashuka ndani ya bloku kunakozunguka krenki, na huko ikachanganyika na oili ya moto iliyorushwarushwa hata ikawa ukungu. Na kwa kuwa hewa hiyo haina budi kutoka, ama sivyo itazisukuma sili na kuvujisha oili kila penye upenyo, waundaji wa magari waliiwekea njia tangu awali. Hapo kale njia yenyewe ilikuwa bomba tupu la kuumwagia uchafu barabarani. Ni baada ya Arie Haagen-Smit, mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa akisomesha California, kudhihirisha katika miaka ya 1950 jinsi jua linavyoigeuza hewa itokayo magarini kuwa utusitusi wa sumu juu ya mji wa Los Angeles, ndipo magari mapya yaliyouzwa katika jimbo hilo yalipoanza, mwaka 1961, kuirudisha pumzi hiyo ndani ya injini ipate kuungua. Lilikuwa jambo la insafu, nami siwaungi mkono wale wanaouchomoa mpira wa kuirudisha pumzi hiyo na kuuacha uning'inie chini ya gari.

Hata hivyo, dizeli za siku hizi hulipia insafu hiyo. Itazame Toyota Hilux yenye injini ya 1GD, ya sentimita za ujazo 2,755, iliyoanza kutolewa mwaka 2015: pumzi ya bloku huingizwa kati ya eya klina na turbo, nao ukungu wa oili hupita katika turbo, ukaipaka intakula, kisha ndani ya manifoldi ukakutana na masizi ya ekzosi yanayorudishwa kwa vali iliyowekwa ili kupunguza sumu ya moshi. Masizi makavu peke yake yangepita. Oili peke yake ingepita. Vikutanapo huwa tope zito jeusi, nalo hujijenga kutani mwa manifoldi mpaka njia ya hewa ikawa nyembamba. Kwa ajili hiyo wenye pikapu za porini, hasa huko Australia, wakazoea kuweka katikati ya safari hiyo mtungi wa kuikinga oili. Dizeli kongwe isiyo na turbo, kama 1HZ ya Land Cruiser, haina haja kubwa nao, na fundi mwaminifu humwambia hivyo mteja wake hata kama ameshafungua pochi.

Mtungi wenyewe hauna maajabu. Ulio bora, kama ProVent ya Mann+Hummel, una kichujio cha nyuzi laini ambamo vitone hushikana, vikawa matone, yakatuama chini, ilhali hewa hutoka ikiwa imesafika. Na una vali ya dharura ya kufunguka endapo kichujio kitaziba. Kwa maoni yangu sifa yote ni ya mkono unaoufunga, maana ni heri kuukosa mtungi kuliko kuwa nao umefungwa ovyo.

Nilipata kumtazama fundi mmoja wa Arusha, mtu wa maneno machache, akiifanya kazi hii katika pikapu ya kuchukulia mizigo ya kambi. Kabla ya kutoboa tundu lolote aliushikiza mtungi mahali alipopakusudia, akabandika donge la unga uliokandwa juu ya kifuniko, akaishusha boneti taratibu, akaifungua tena, akautazama ule unga ulivyobanwa, kisha akausogeza mtungi chini kwa upana wa kidole. Breketi aliikata katika bati nene na kuifunga kwenye matundu yaliyokuwapo tayari mwilini mwa gari, mbali na joto la turbo, kwa kuwa alijua njia ya mbugani ya Naabi hadi Seronera, ile changarawe iliyojikunja kama bati la paa, ambayo huchosha chuma chembamba hata kikapasuka. Na maadamu injini hutikisika ilhali mwili wa gari umetulia, mipira aliiachia ulegevu wa kutosha, lakini si wa kuifanya ilegee ikafanya tumbo, kwani penye tumbo hutuama maji na oili; yote aliitelemshia mtungini. Mpira wa rejeta aliukataa katakata, kwa sababu oili huuvimbisha ukalainika, na mvuto wa turbo ukaubana ukaziba. Alipokata, alikata kwa kisu kikali, akapangusa ndani kwa kitambaa safi mara kadhaa, na hapo ndipo nilipoiona taadhima ya kazi yake: kipande cha mpira kidogo kuliko punje ya mtama, kikibaki upande wa kutokea, huenda moja kwa moja kwenye feni ya turbo inayoweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Klipu nazo alizikaza kwa hadhari, maana shingo ya plastiki iliyo juu ya injini hupasuka kwa nguvu ya mjinga.

Baadaye alishusha mpira mwembamba mpaka kwenye chesisi, akautia koki na kizibo, akamwita mwenye gari ainame aione kwa macho yake. Akamweleza kwamba kila akibadili oili afungue koki hiyo, asirudishe kamwe injinini kinachotoka, bali akitie katika pipa la oili chafu. Kwamba akiona maziwa yenye povu asifadhaike, huo ni unyevu wa safari fupifupi ambazo injini haikupata moto sawasawa, ila atazame pia kama maji ya rejeta yanapungua. Na kwamba mtungi ukianza kujaa upesi kuliko desturi, basi asiulaumu mtungi, aje zipimwe ringi na turbo kabla ya kupakia mizigo ya kambi tena.