Sanamu Zilizokwisha Kupakwa Rangi na Kazi ya Msimulizi

Uhakiki katika kurasa za namna hii umezoea kushughulika na vitabu: riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Safari hii tunaomba ruhusa ya wasomaji tuhakiki kitu kisichokuwa kitabu, ingawa kazi yake ni kusaidia kusimulia hadithi. Nacho ni sanamu ndogo za plastiki, nyingi zikiwa na kimo cha milimita 30 hivi, ambazo huuzwa zikiwa zimekwisha kupakwa rangi kiwandani. Hutumiwa mezani katika michezo ya majoka, wachawi na mashujaa, na huko Marekani na Ulaya wapo watu wazima wanaozikusanya kama vile wengine wakusanyavyo stempu.

Huenda msomaji akauliza: mambo hayo yanamhusu nini mwalimu wa lugha? Yanamhusu, kwa sababu mchezo wenyewe ni mchezo wa maneno. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Katika mchezo huo mtu mmoja huwa msimulizi. Yeye huwaeleza wenziwe mahali walipo, wanachokiona na wanachokisikia. Kila mmoja katika wenziwe hushika nafasi ya mhusika mmoja, naye husema mhusika wake anatenda nini. Penye mashaka, dadu hurushwa ili kuamua kama tendo limefaulu. Hivyo hadithi hutungwa papo hapo, kwa vinywa vya watu waliokaa pamoja. Hiyo ni fasihi simulizi ya aina yake, na sanamu ni kifaa cha fanani. Basi swali letu ni moja: je, sanamu iliyokamilishwa kiwandani inamsaidia msimulizi, au inamnyang'anya kazi yake?

Asili ya sanamu hizi ni vita. Mwaka 1824 ofisa mmoja wa Prussia, von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wa jeshi lake mchezo wa kujifunzia vita kwa ramani, vipande na dadu. Mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alichapisha kitabu kiitwacho Little Wars, kinachoeleza namna ya kupiganisha askari wa kuchezea sakafuni. Mwaka 1971 Gygax na Jeff Perren walitoa Chainmail, kanuni za vita vya zama za kati, wakaongeza nyuma yake sehemu ya majoka na wachawi. Katika kanuni hizo ndimo Dungeons & Dragons ilimochipuka. Kwa hiyo sanamu zilitangulia, hadithi ikafuata.

Sasa tuangalie jambo moja lenye maana kubwa. Katika miaka hiyo ya kwanza, sanamu za askari zilikuwa za madini, na mnunuzi alizipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe. Sanamu za mazimwi zilikuwa shida kupatikana. Gygax alinunua vinyama vya plastiki vya bei rahisi, vilivyotengenezwa Hong Kong, vya kuchezea watoto. Vinyama hivyo havikufanana na mnyama yeyote anayejulikana, wala havikuwa na majina. Ilibidi mwenye navyo aketi na kujiuliza: huyu ni nani, anaishi wapi, anakula nini? Kimoja kikawa zimwi linalogusa upanga kwa vipapasio vyake, na papo hapo chuma kikaota kutu na kumomonyoka. Kingine kikawa kiumbe mwenye kichwa cha bundi na kiwiliwili cha dubu. Viumbe hao wamo katika vitabu vya mchezo huo hadi leo. Plastiki duni isiyo na jina ilimlazimisha mtu kutunga. Hilo ndilo kipimo tutakachotumia katika uhakiki huu.

Zama za sanamu zilizopakwa rangi tayari zilishika kasi mwaka 2000, kampuni ya WizKids, iliyoanzishwa na Jordan Weisman, ilipotoa mchezo wa Mage Knight. Chini ya kila sanamu palikuwa na kisahani cha kuzungusha. Mhusika alipojeruhiwa, mchezaji alikizungusha, na tarakimu za nguvu zake zikabadilika. Mwaka 2003 kampuni ya Wizards of the Coast, yenye kumiliki Dungeons & Dragons, ikafuata kwa mfululizo wake yenyewe. Toleo la kwanza, Harbinger, lilikuwa na sanamu 80 za namna mbalimbali. Kila sanamu ilifuatana na kadi yenye jina lake, nguvu zake na sifa zake. Hazikuuzwa kwa kuchaguliwa. Mnunuzi alilipia sanduku lililofungwa, lenye sanamu 8 ndani, asijue ni zipi. Nyingine zilikuwa za kawaida, nyingine za wastani, nyingine adimu.

Tukianza na fani, haki ni kusifu panapostahili sifa. Si kila mtu ana mkono wa kushika brashi, wala si kila mfanyakazi ana muda wa kukaa wiki nzima akipaka rangi kundi la maharamia. Sanamu hizi ziliwafungulia mlango watu waliokuwa wamefungiwa nje. Tena plastiki laini haivunjiki ovyo kama madini, na mtoto anaweza kuibeba mfukoni. Kwa upande wa usimulizi, sanamu huondoa ubishi: nani yu mlangoni, nani yu nyuma ya nguzo, nani amezingirwa. Kisahani cha Mage Knight nacho kilikuwa na ufundi wa kupendeza, kwani kilimwonyesha mhusika akibadilika kadiri kisa kinavyoendelea, jambo ambalo sanamu kwa desturi haliwezi.

Ila rangi zenyewe mara nyingi ni hafifu. Macho hukaa pembeni, na mshipi humwagikia kwenye kanzu. Yafaa tukumbuke, kabla ya kucheka, kwamba rangi hizo zilipakwa na wafanyakazi wa viwanda vya China, sanamu moja baada ya nyingine, na majina yao hayaandikwi juu ya sanduku. Kasoro ya rangi basi si uvivu wa mtu, ni alama ya haraka ya kiwanda.

Ama kuhusu wahusika, hapa ndipo penye uzito. Kadi ya mfululizo wa 2003 ilimweka kila kiumbe katika mojawapo ya pande 4, kwa kuunganisha wema au uovu na utii wa sheria au uasi. Mwanafunzi wetu wa fasihi angesema mara moja: hawa ni wahusika bapa. Ni kweli, lakini tusihukumu upesi. Sungura wa ngano zetu naye ni bapa, mjanja siku zote, na fisi ni mlafi siku zote. Ubapa si dosari kwa peke yake. Tofauti ni kwamba sungura huzaliwa upya kila anapopata msimulizi mpya, kwa sauti yake, mikato yake na mizaha yake. Kadi haina sauti. Husema jambo lile lile kila inaposomwa.

Mfano ulio karibu nasi ni majini. Mchezo huu umeyapokea kutoka katika hadithi za Kiarabu, chemchemi ile ile ambayo Waswahili nao wameteka maji yake. Umeyagawa kwa mpango: jini wa hewa, afriti wa moto, maridi wa maji, na mwingine wa ardhi. Mpango ni safi, na mtu hawezi kuukosa mtihani. Lakini jini wa masimulizi ya pwani hana mpango. Yaweza kuwa mzuri au mbaya, wa dini hii au ile, aonekane kama bibi mrembo njiani au asionekane kabisa, ajulikane kwa harufu ya udi tu. Kutisha kwake kumo katika kutojulikana. Ukimpa umbo moja, rangi moja na tarakimu za nguvu, umempatia mwanafunzi jibu kabla hajauliza swali. Hii ndiyo hasara kubwa ya sanamu iliyokamilika: huziba pengo ambalo neno lilikuwa lilijaze.

Hata hivyo, lawama kubwa zaidi hatuiweki juu ya rangi, bali juu ya sanduku lililofungwa. Sanduku hilo ni bahati nasibu iliyovaa nguo za mchezo. Mnunuzi anayetaka joka moja hulipia makundi ya viumbe asiowataka, akitumaini safari ijayo. Watetezi wake husema kwamba sanamu za kawaida, kwa wingi wake, ziliuzwa tena kwa bei ndogo, na hivyo msimulizi aliyehitaji jeshi la mazimwi madogo alilipata kwa urahisi. Hoja hiyo ina ukweli, wala haifai kufichwa. Lakini faida hiyo ilitokana na hasara ya mwingine, aliyenunua masanduku mengi akiwinda kilicho adimu. Mwaka 2018 Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya bahati katika michezo kadhaa ya kompyuta ni kamari. Sanduku la plastiki ni ndugu yake mkubwa, ingawa halikutajwa.

Watengenezaji wenyewe walionekana kusita. Mwaka 2009 Wizards of the Coast ilitoa sanamu za mashujaa katika vifurushi vinavyoonyesha kilichomo, na katika masanduku ya mazimwi sanamu moja ikawa wazi kuonekana. Mwaka 2011 mfululizo huo ulisitishwa. Lakini mwaka 2014 WizKids, kwa idhini ya wenye mchezo, ilianzisha mfululizo mwingine, Icons of the Realms, na sanduku lililofungwa likarudi nao.

Hukumu yetu ni ipi? Sanamu zenyewe hazijaua usimulizi. Zinapofika mezani kwa watu wenye akili hai, kadi huwekwa kando. Sanamu ya jambazi leo huwa mlinzi wa lango, kesho huwa mume aliyekimbia madeni, kesho kutwa huwa mfalme aliyejificha katika nguo za kimaskini. Hapo msimulizi amelivua umbo jina lake la dukani na kulipa jina la hadithi, kama ilivyofanyika kwa vile vinyama vya Hong Kong. Sanamu hufaa pale inapokubali kuvuliwa jina. Haifai pale mwenye nayo anapoogopa kuigusa kwa sababu ni adimu na ina bei, akaihifadhi kabatini bila kisa chochote. Sanamu ya namna hiyo imekuwa mali, si mhusika.

Kwa walimu wenzetu, somo ni jepesi kutekeleza na halihitaji fedha za kigeni. Chukua tonge la udongo wa mfinyanzi, au kizibo cha chupa, au punje ya hindi yenye doa. Iweke mezani mbele ya wanafunzi bila kusema ni nini. Kwanza wape nafasi waitafutie jina, na wabishane juu yake kwa Kiswahili sanifu. Kisha waieleze sifa zake: inatembeaje, inaogopa nini, inamdai nani. Mwisho waiingize katika kisa, kila mmoja akiongeza tendo moja. Mwalimu asiharakishe kutoa jina lake mwenyewe. Akilitoa mapema, atakuwa amefanya kazi ile ile ya kadi, na darasa litabaki kusoma tarakimu.