Ubao Mmoja kwa Pepo Mbili za Pasiansi

Ubao wa tanga, yaani ubao wa kusimamia ambao mlingoti wake umeshikizwa kwa kiungo kinachozunguka pande zote, hauna usukani. Mwendeshaji huuelekeza kwa kuulaza mlingoti kuelekea omo au tezi, na kwa sababu hiyo umbo la ubao hubeba peke yake kazi ambazo katika jahazi hugawanywa kati ya mkuku, usukani na uzito wa shehena. Ugumu wa kubuni ubao wa mashindano unatokana na kwamba kazi hizo hubadilika upepo unapobadilika. Nguvu inayolisukuma tanga hukua kwa mraba wa kasi ya upepo, hivyo upepo unaopanda kutoka noti 6 hadi noti 18, ambapo noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa, hausukumi mara tatu bali mara tisa, na ubao uleule unatakiwa ushinde katika hali zote mbili.

Pasiansi, kata ya Ilemela iliyo kando ya Ghuba ya Mwanza, ni kipimo kizuri cha ugumu huo, ingawa maji yake yamezoea mitumbwi ya wavuvi kuliko mbao za tanga. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na hewa hutiririka kutoka upande wa kusini-mashariki kwenda ziwani. Mchana nchi hupata joto, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwa huingia kutoka upande wa kaskazini-magharibi. Katikati ya pepo hizo kuna saa za asubuhi ambapo maji hulala kabisa. Upepo wa ziwa hufika umetulia kwa kuwa umepita juu ya maji matupu, ilhali ule wa nchi kavu hupenya kwanza kati ya vilima vya mawe, ukakatika na kurudi kwa vishindo, na miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, huuongezea nguvu.

Aliyezoea bahari anaweza kusahau mambo mawili zaidi. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko Dar es Salaam, hivyo tanga la mita za mraba 9.5 hufanya kazi kana kwamba limepunguzwa karibu mita nzima ya mraba. Tena maji ya ziwa, kwa kuwa hayana chumvi, hubeba pungufu kwa takriban asilimia 2.5, na ubao wenye mzigo wa kilo 100 hulazimika kusukuma kando zaidi ya lita 2 za ziada ili uelee.

Michezo ya Olimpiki, iliyoupokea mchezo huu Los Angeles mwaka 1984, imelijibu swali la upepo unaobadilika kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni urefu. Ubao unaopasua maji hujenga wimbi ambalo hurefuka kadiri mwendo unavyoongezeka, hata ubao ukabaki umenaswa kati ya kilele cha mbele na cha nyuma. Kwa hesabu ya kawaida ya vyombo, Mistral One Design, uliotumika kuanzia Atlanta 1996 hadi Athens 2004 ukiwa na urefu wa sentimita 372, hufikia kikomo hicho karibu na noti 4.7, ilhali ubao wa sentimita 220 hukwama kwenye noti 3.6. Katika upepo hafifu tofauti hiyo ndiyo ushindi wenyewe.

Njia ya pili, ya RS:X uliotumika kuanzia Beijing 2008 hadi michezo ya Tokyo, ilikuwa kuweka tabia mbili katika mwili mmoja wenye urefu wa sentimita 286 na upana wa 93. Upana huo humpa mwendeshaji nguvu ya kulizuia tanga kubwa ubao unapoanza kuteleza, yaani unapopanda juu ya maji badala ya kuyapasua, na hapo kingo ndizo huamua: mbele zimeviringwa ili zisikwame kwenye wimbi, nyuma zimekatwa kwa ukali ili maji yaachane na ubao mara moja bila kuung'ang'ania. Upepo ukilegea, mwendeshaji hukanyaga na kushusha mkuku uliofichwa katikati, ambao huzuia ubao usisukumwe kwenda demani wakati wa kubisha, na husogeza kitako cha mlingoti mbele ili ubao ulale kwa urefu wake wote majini. Upepo ukirudi, mkuku hupandishwa haraka, kwa maana ukiachwa chini katika mwendo mkali hugeuka bawa linaloinua ukingo wa joshini na kumpindua mtu. Gharama ya ufundi huo ni uzito, na RS:X haukuwahi kusifiwa kwa wepesi.

Njia ya tatu, iQFOiL wa michezo ya Paris 2024, iliyachana maafikiano hayo. Ubao wa sentimita 220 kwa 95 hufungiwa nguzo ya sentimita 95 yenye mabawa majini, na ukishapata mwendo huinuka wote hewani, hivyo umbo lake karibu halina maana tena. Kabla ya kuinuka, hata hivyo, ni chelezo tu. Huko Marseille fainali zilizopangwa tarehe 2 Agosti zilisogezwa hadi kesho yake kwa kukosa upepo.

Kwa karatasi, njia ya tatu ndiyo bora, lakini kwa Pasiansi ni vigumu kuipendekeza. Nguzo ya karibu mita moja inayokata maji kwa kasi katika ghuba yenye nyavu za makila na magugumaji, yaliyolivamia ziwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ni ajali inayosubiri siku yake. Fungu moja la mizizi likinasa kwenye bawa la mbele, mwinuko hupotea papo hapo na ubao huanguka kwa pua. Njia ya pili, pamoja na uzito wake, inafaa zaidi, mradi pezi lake la nyuma libadilishwe. Pezi lililosimama wima, kama lile la sentimita 66 la RS:X wa wanaume, huzalisha nguvu nyingi lakini hukusanya majani kama reki, ilhali lililolazwa nyuma kwa nyuzi 45 huyaacha yateleze, na upungufu wake wa nguvu hufidiwa kwa kulirefusha kitako.

Lililobaki liko mikononi mwa mwandaaji wa mbio. Mbio zikianzishwa saa nne asubuhi, maji yakiwa bado yamelala, mkuku wa kushusha hulipa uzito wake. Zikianzishwa saa tisa alasiri, upepo wa ziwa ukiwa umekwisha kushika, mkuku huohuo ni kilo za bure, na mbunifu aliyeijua ratiba mapema angeuondoa na kupanua tezi.